Yai linatoka mu mifupa: tulinde kuku zetu mbele ya kuzifunga



Msimu A unakaribia. Mu mwezi wa 9, wengi wetu tutafunga kuku ili zisichakure mbegu na kuleta ugomvi na jirani. Kufunga si vibaya. Lakini mwaka uliopita, mu Kabare, mama mumoja alifunga kuku zake 12 mu kajumba kenye giza, akazilisha mahindi tu. Kisha wiki tatu, asubuhi moja, akakuta kuku tatu zimelala chini, miguu haina nguvu. Watu wakamwambia: «Ni tauni ya kuku, uza zote leo leo!» Alikuwa karibu kuziuza kwa bei ya kutupa.

Tulipofika tuliangalia mambo matatu. Jogoo alikuwa muzima kabisa. Kuku zilizolala zilikuwa bado zinakula mahindi mu mkono. Tena zile tatu njo zilikuwa zinataga kupita zingine zote. Haikuwa tauni. Mifupa ilikuwa imeisha nguvu.

Juu ya nini mifupa inaisha?

Ganda la yai linafanywa na kalsiyumu, kitu kile kile chenye kufanya mifupa iwe migumu. Ganda moja lina karibu gramu 2 za kalsiyumu. Mifupa yote ya kuku ina karibu gramu 20 tu. Basi hesabu mwenyewe: kila yai ni sawa na sehemu moja ya kumi ya kalsiyumu ya mifupa yake!

Kuku inafanya ganda kwa saa karibu 20, na sehemu kubwa ni usiku, wakati haikule. Kama tumbo halina kalsiyumu, mwili unakwenda kukopa mu mifupa. Ndani ya mifupa ya miguu kuna akiba ya kazi hiyo. Kesho yake kuku ikikula vizuri, inarudisha deni. Isipokula vizuri, inakopa tena, na tena, mpaka inagusa mifupa yenyewe yenye kubeba mwili.

Na mahindi? Gramu 100 za mahindi hazina hata sehemu moja ya kumi ya gramu ya kalsiyumu. Kuku yenye kutaga karibu kila siku inahitaji gramu 3 mpaka 4 kwa siku, kwa sababu si yote inaingia mu damu. Kuku yenye kutembea inajitafutia: konokono, wadudu, majani, vijiwe. Tena jua linaipa vitamini D, yenye kusaidia mwili kuchukua kalsiyumu. Ukifunga kuku mu giza, umeiondolea vyote viwili kwa mara moja.

Alama za kuangalia

– Ganda jembamba, au yai bila ganda.
– Kuku inakaa sana chini, inaogopa kuruka.
– Pitisha vidole ku mfupa wa kifua. Uwe umenyooka. Ukisikia umepinda au una kivimbe, inaweza kuwa ulishaka vunjika.

Lakini kama kuku nyingi zinakufa haraka, za kutaga na jogoo pamoja, na kuhara majani majani, shingo kupinda, ao kupumua vibaya, usingoje: ita daktari wa mifugo. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa Newcastle, na kalsiyumu haiuponyeshe.

Tufanye nini?

1. Maganda ya mayai. Yakaushe, yakaange mu sufuria mpaka yawe makavu sana ili vijidudu vife, kiisha yaponde. Usiache vipande vikubwa vyenye kufanana na yai, kuku isijifunze kula mayai yake. Lakini usiyafanye unga tupu: vipande vidogo kama mchanga mnene vinakaa mu firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linafanywa.

2. Maganda ya nyumbani hayatoshi, maana mayai mengi tunauza. Ongeza maganda ya konokono yaliyopondwa. Watu wa Uvira wanaweza kuokota makombe ku pembeni ya Ziwa Tanganyika. Wenye kuwa karibu na muji waombe maganda kwa wenye kuuza mayai ya kukaanga. Mawe ya chokaa yaliyosagwa ni mazuri pia. Angalisho: chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka ku nyumba, hapana! Inachoma tumbo.

3. Weka mu sahani yao pekee, mbali na chakula, zaidi sana saa kumi ya jioni. Kuku yenye kutaga itachukua kadiri ya lazima yake. Kwa kuku 10 zenye kutaga sana, tayarisha karibu gramu 100 kwa siku. Kuku za kienyeji, zenye kutaga kidogo, zitakula kidogo.

4. Ndagala ao sambaza kavu, hata vichwa tu, vinaleta kalsiyumu na fosfori pamoja. Soya iliyokaangwa inaleta nguvu ya mwili, lakini haina kalsiyumu ya kutosha.

5. Fanya kiwanja kidogo cha uzio wa miti ao mianzi pembeni ya kajumba. Jua liingie, kuku zitembee. Mfupa wenye kufanya kazi njo unakomaa.

6. Shusha miti ya kulalia. Kuku zinaweza kuvunja kifua wakati wa kuruka chini. Mti wa kwanza uwe sentimetre 40 mpaka 60 toka chini. Kama kuna wa juu, weka ngazi.

7. Usikamate kuku kwa mguu moja. Shika mwili wote, mabawa yakiwa yamefungwa mu mikono.

Na kuku changa? Mifupa ya kubeba mwili inajengwa mbele ya yai la kwanza. Zilishe vizuri tangu udogo, lakini usichanganye maganda mengi mu chakula chao: yanaharibu figo. Anza wakati upanga wa kichwa unakuwa mwekundu.

Mama wa Kabare alitenga zile kuku tatu, akaziwekea maji, chakula na maganda karibu. Kisha siku chache mbili zilisimama. Ya tatu, mfupa ulikuwa umevunjika, ikachinjwa. Zile zingine tisa ziliendelea kutaga, na hakuuza hata moja.

Mu mkutano wenu wa mwezi huu, kila mumoja alete mfuko mudogo wa maganda, muponde pamoja, mugawanye mbele ya kufunga kuku. Haiombi franga, inaomba tu mapatano.

Kazi njema!