Hoja mbovu, jambo la kweli

"Walivaa sare za jeshi, basi ni wanajeshi." Hoja hiyo imezunguka sana kwenye barabara ya taifa namba 4, mashariki mwa Kongo, kutoka Beni kupitia Oicha hadi Eringeti mpakani mwa Ituri, tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014. Anayeitoa mara nyingi amefiwa, na kumwambia mfiwa kwamba maneno yake yana pengo si jambo jepesi. Lakini pengo lipo.

Katika hoja yoyote kuna dai na kuna ushahidi, na kati ya hivyo viwili hujificha dhana ambayo msemaji haitaji kwa kuwa anaiona wazi mno. Hapa dhana ni kwamba sare huvaliwa na askari tu. Itamke kwa sauti uone kama itasimama. Sare huporwa kambini, huvuliwa maiti, huuzwa. Aliyeona sare, basi, ameona kitu ambacho angekiona wauaji wawe askari au wawe waasi wa kundi la ADF. Ushahidi unaokubaliana na pande zote mbili haubebi upande wowote. Swali la kuuliza ni hili: kitu gani kingeonekana kama ni askari, na kisingeonekana kama si wao? Hapo mazungumzo yanahama kwenye nani alitoa amri, silaha zilitoka wapi, na kwa nini kambi ya jirani haikusogea.

Wengine wakishafika hapo hushangilia: hoja imevunjika, jeshi limesafishika. Hilo ni kosa la pili, na kwangu ndilo baya zaidi. Mwaka 2016 Kundi la Utafiti juu ya Kongo, la Chuo Kikuu cha New York, lilihoji mashahidi wengi na kuandika kwamba wauaji hawakuwa ADF peke yao. Baadhi ya askari wa serikali nao walihusika. Februari 2018 Umoja wa Mataifa ukamwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyewahi kuongoza operesheni za Beni. Hoja ya sare ilibaki mbovu vilevile. Dai lake lilipata miguu mingine.

Kosa hilohilo lilirudi kwa mlango wa pili wakati wa mlipuko wa Ebola. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura katika Beni, mji na wilaya yake (Eringeti ikiwemo), na Butembo, hadi Machi. Sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama. Watu wakauliza, na waliuliza vizuri: kama mkusanyiko ni hatari, mbona masoko na makanisa yako wazi? Jibu lilikuja lenyewe baadaye. Mwishoni mwa Desemba jumla ya wagonjwa tangu mlipuko uanze ilikuwa karibu 600. Kura ilipopigwa tarehe 31 Machi 2019 jumla hiyo ilikuwa imepita 1,000, na rais mpya alikuwa ameshaapishwa tangu 24 Januari. Ugonjwa ulioahirisha kura ulikuwa umezidi, na kura ikapigwa.

Kufikia hapo wakosoaji wa CENI walikuwa na haki. Walioteleza ni wale walioongeza hatua moja: sababu ya tume haina uzito, basi Ebola yenyewe ni uongo, ni siasa, ni biashara ya watu wa riposti, yaani kampeni ya kupambana na ugonjwa. Siku moja tu baada ya tangazo, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Lakini kirusi hakikuwa upande wa tume wala upande wa wapinzani. Ushahidi wake ulikuwa maabara na makaburini. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.