Asilimia 10 ya Nini?

Wenye maduka wa Ukunda wakinishika huniuliza lile lile: "Mwalimu, juu ya wastani wa mauzo tuongeze asilimia 10 au 15?" Sijibu, maana swali lenyewe limekaa upande. Hatari ya kuishiwa haiko ndani ya wastani, basi kuukatia asilimia hakuipimi.

Tuseme duka la Diani huuza mabunda 20 ya unga kwa siku, yakipanda na kushuka kwa 2 hivi, na mzigo wa Mombasa hufika siku 4 baada ya kuagizwa. Siku hizo zataka mabunda 80. Mwenye duka anaongeza 8, yaani asilimia 10, analala. Ikiwa lori halikosei siku, alale tu: mabunda 7 ya ziada yangemvusha mara 95 katika maagizo 100. Lakini lori likiwahi au kuchelewa kwa siku 1 hivi, na wanaongoja kivuko Likoni wanajua ninachosema, usalama ule ule wataka mabunda 34. Hakuna mteja aliyebadilika! Piga hesabu: mtawanyiko wa mauzo, 2 mara 2, kwa siku 4 ni 16. Siku moja ya lori hubeba mauzo ya siku nzima: 20 mara 20 ni 400. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.65, kizidishi cha ile mara 95 katika 100. Ile 16 haionekani hata.

Halafu mtu ananiletea habari za Ramadhani na Desemba. Hizo ni kalenda, zinajulikana zinakuja, agiza mapema. Mashaka yako barabarani, na daftari la madeni nimeliona kila duka, la tarehe za mzigo bado.

Haya, upesi. Andika siku ya kuagiza na siku ya kupokea. Zahanati ya Msambweni isiyotaka kukosa dawa iweke kizidishi cha 2.33 badala ya 1.65. Samaki wabichi wana kanuni yao, ambayo chimbuko lake hutajwa kuwa kazi ya mwanauchumi Edgeworth juu ya akiba za benki, mwaka 1888: ukikosa samaki unapoteza faida ya shilingi 200, akilala unapoteza 100, basi nunua kiasi kitakachotosha siku 2 katika kila 3. Na msafirishaji usimuulize bei tu. Anayepita barabara ya Dongo Kundu akachukua siku 5 bila kukosea anakudai akiba ya mabunda 8. Agiza yakibaki 108. Yule wa siku 4 za kubahatisha anakutaka uagize yakiwa 114.