Tarakilishi Kuukuu Nyumbani: Bei Ndogo, Dhima Kubwa

Katika nyumba zetu za Pwani, kitu cha kale hakitupwi ovyo. Sanduku la njumu alilorithi bibi kutoka kwa mamake, saa ya ukutani iliyokwisha kusita, cherehani ya mkono: vyote hutengewa pembe yake na kupanguswa vumbi. Ni ada njema ya kuwaenzi waliotutangulia. Lakini je, mwana akija siku moja kuomba idhini ya kuleta nyumbani tarakilishi ya kazi iliyostaafishwa na chuo au kampuni, yenye uzito wa gari dogo, mzazi atamjibu nini?

Suala hili limewahi kuwafikia wazazi kwa kweli. Mwaka 2015, Connor Krukosky, kijana wa miaka 18 wa jimbo la Maryland, Marekani, alikuta tarakilishi kuu ya IBM ya aina ya z890 katika mnada wa vifaa vilivyokwisha kutumika vya Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey. Tarakilishi kuu ni mtambo ambao mabenki, mashirika ya ndege na serikali huutumia kuendesha hesabu na kumbukumbu za watu wengi mno kwa wakati mmoja. Ulipokuwa mpya, mtambo wa aina hiyo uliuzwa kwa malaki ya dola. Kijana yule aliupata kwa dola 237.

Pesa zikawa ndilo jambo jepesi kuliko yote. Mtambo ulikuwa na uzito wa karibu kilo 900, na mahali pekee pa kuuweka palikuwa chumba cha chini katika nyumba ya wazazi wake. Ilibidi ufunguliwe vipande vipande, usafirishwe kutoka jimbo hadi jimbo, uteremshwe chini, kisha uunganishwe upya. Chumba kilikuwa cha wazazi na umeme ulikuwa wa wazazi. Bila ya ridhaa yao mtambo usingepita mlangoni. Kwa kuwa tangu utotoni alikuwa na mapenzi ya tarakilishi za zamani, alivumilia, akajifunza, hata mtambo ukawaka. Mnamo Machi 2016 alisimama mjini San Antonio, Texas, kwenye mkutano wa SHARE, jumuiya ya watumiaji wa mitambo ya IBM, akawasimulia mabingwa wa fani hiyo yaliyomfika. Baadaye IBM yenyewe ikamwajiri.

Huenda msomaji akauliza: faida ya kuhifadhi chuma kikuukuu ni ipi, ilhali simu ya mkononi leo hufanya mengi zaidi? Jibu liko katika kisa cha mtambo ambao haukuhifadhiwa. Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilisifika kwa mikahawa yake ya chai, mikate na keki. Kampuni hiyo iliunda tarakilishi yake yenyewe, ikaiita LEO. Mnamo Novemba 1951, LEO ilianza kukokotoa gharama za bidhaa za tanuri la mikate, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za kibiashara kufanywa na tarakilishi duniani. Baadaye ikakabidhiwa mishahara ya wafanyakazi, na hata hesabu ya vyakula vya kupelekwa kila mkahawa siku inayofuata. Miongoni mwa walioandika programu zake alikuwa Mary Coombs, aliyejiunga na kazi hiyo mwaka 1952 na ambaye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara.

LEO ilizimwa mwaka 1965, kisha ikabomolewa. Vilivyosalia ni vipande. Binti wa leo anayesomea fani hii na kutamani kuuona kwa macho yake mtambo aliotumikia Coombs, hana pa kuuona ukiwa kamili.

Kwa sababu hiyo wako watu wanaojitwika gharama za kuokoa mitambo iliyobaki. Mwaka 2019, Waingereza Adam Bradley na Chris Blackburn waliona katika mnada wa mtandaoni tarakilishi iliyotangazwa kwa jina lisilo lake. Kwa kuijua kazi yao, walitambua kuwa ni IBM 360 ya aina ya 20, ya ukoo wa mitambo uliotangazwa mwaka 1964. Waliinunua kwa yuro 3,710. Mtambo ulikuwa umeachwa katika jengo tupu mjini Nuremberg, Ujerumani, nao wakagundua kwamba haukuwa peke yake chumbani. Kuutoa na kuufikisha Uingereza kuliwagharimu safari, miezi na fedha kupita mbali bei ya mnada.

Kwa familia ya hapa kwetu, aghalabu kitakachopatikana ni kidogo zaidi: tarakilishi ya mezani ya ofisi, labda ya ukoo wa IBM PC ya mwaka 1981, iliyosahauliwa katika stoo ya duka au skuli. Hata hiyo ina masharti yake.

La kwanza ni umeme. Kifaa cha Marekani kilichotengenezewa volti 120 kikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 240 huungua. Mitambo mikubwa huhitaji umeme wa viwandani, usiokuwamo katika nyumba ya kawaida. Tena kifaa kilicholala miaka mingi kisiwashwe kwa pupa. Fundi akague kwanza sehemu ya kupokea umeme. Skrini za zamani zenye kisogo kirefu huweza kubaki na umeme mkali ndani yake hata baada ya kuchomolewa, kwa hivyo watoto wasiachwe kuzifungua.

La pili ni hewa yetu. Unyevu na chumvi ya bahari hula chuma na nyaya. Kifaa kiwekwe mahali pakavu penye hewa, mbali na dirisha la baharini, na betri yake ndogo iondolewe kabla haijavuja na kuharibu vilivyomo.

La tatu, na ndilo zito, ni siri za watu. Tarakilishi ya zahanati, duka au chama cha akiba yaweza kuwa bado imebeba majina, madeni na maradhi ya majirani. Aliyenunua chuma hakununua habari hizo. Ni amana mikononi mwake. Asizipekue wala kuzisimulia. Amuulize mwenyewe wa kwanza, kisha azifute. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata pasingekuwa na sheria, siri ya mtu ingebaki kuwa siri.

La mwisho ni ridhaa ya nyumba. Chumba kinachojazwa mitambo ni chumba alichopaswa kulala mgeni au kusomea mtoto, na fedha za usafiri ni fedha za matumizi. Mke, mama na ndugu waulizwe kabla ya bei kutajwa, mlango upimwe kabla ya gari kukodiwa. Pumbao linaloanza kwa kuwadhulumu wa nyumbani huishia kwenye israfu na ugomvi.

Basi mwana akileta ombi lake, mzazi asiharakie kukataa wala kukubali. Amuulize ataiweka wapi, nani atamfunza kuitengeneza, na nani mwingine atanufaika nayo. Mwenye majibu huenda ameshika mlango wa elimu na riziki, na anastahili kusaidiwa kubeba. Asiye nayo na asubiri, kwani minada haishi.