Kazi ya Mpelelezi Mkuu

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya askari kanzu ni kumkimbiza mwizi na kumtia pingu. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Mpelelezi mkuu hufanana zaidi na karani mwangalifu: huwagawia wenzake kazi, husikiliza mashahidi, huandika yote, wala hasadiki neno kabla ya kulipima.

Mfano mzuri ni kesi ya Deptford, mtaa mmoja wa London. Asubuhi ya tarehe 27 Machi, 1905, mzee Thomas Farrow, msimamizi wa duka la rangi, alikutwa amekufa kwa kupigwa kichwani. Mkewe, Ann, alikuwa taabani, naye alifariki siku chache baadaye. Sanduku la fedha lilikuwa tupu.

Melville Macnaghten, mkubwa wa wapelelezi, aliuliza kama kuna mtu aliyeligusa sanduku hilo. Askari mmoja akakiri kwamba alilisukuma chini ya kitanda. Ukweli wake ulifaa sana. Sanduku lilishikwa kwa leso, likapelekwa Scotland Yard, ambako afisi ya alama za vidole ilianzishwa mwaka 1901. Huko ilionekana alama ya dole gumba. Haikuwa ya askari yule, wala ya Farrow, wala ya mkewe. Basi ilikuwa ya nani?

Alama peke yake haitaji jina la mwenyewe. Ilibidi wapelelezi waulize watu mtaani, na habari zikawafikisha kwa ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton. Mwuza maziwa aliyewaona watu wawili wakitoka dukani hakuweza kuwatambua. Macho ya binadamu husahau. Lakini alama ile ililingana na dole gumba la kulia la Alfred. Kortini, Inspekta Charles Collins aliwaeleza wazee wa baraza jambo hilo kwa picha zilizokuzwa. Ndugu hao walihukumiwa, wakanyongwa tarehe 23 Mei, 1905. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ya mauaji Uingereza iliyothibitishwa kwa alama za vidole.

Nasi tuna sehemu yetu. Duka au ghala likivunjwa, tusifagie, tusiguse kitu, wala tusiwaache majirani kukanyaga-kanyaga mahali hapo. Tupeleke habari upesi, na kama tumegusa kitu, tuseme kweli. Mpelelezi hodari hawezi kusoma alama iliyokwisha kufutwa.