Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Mwambie Fundi Asifute

Neno ambalo wengi wetu humwambia fundi tunapomkabidhi kompyuta iliyokataa kuwaka ni hili: "Nataka iwake tu." Fundi naye husikia alichoambiwa. Njia fupi ya kuiwasha kompyuta ambayo programu zake zimeharibika ni kuifomati, yaani kufuta kila kilichomo na kuiweka Windows upya, kazi isiyomaliza nusu siku. Jioni mama hurejeshewa kompyuta inayowaka barabara kama alivyoomba, na ndani yake hamna hata picha moja ya harusi ya bintiye.

Kilichopotea hapo hakikupotea kompyuta ilipoharibika. Kilipotea baadaye, mikononi mwa watu, kwa kukosekana sharti. Kompyuta ina sehemu nyingi, lakini picha, barua na hesabu zetu hukaa katika sehemu moja, nayo ni diski. Chaja ikiungua, kioo kikipasuka au feni ikikwama, diski aghalabu hubaki salama humo ndani, mfano wa kasha lililofungwa katika nyumba iliyokatikiwa umeme.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya picha peke yake. Akina mama wengi wa mwambao wanaouza mabuibui, mahamri au mapambo ya harusi kutoka nyumbani huandika oda na madeni yao ndani ya kompyuta. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Basi aliyeandika deni lake katika kompyuta, hiyo ndiyo daftari yake. Na mtu akifariki, madeni yake hulipwa kabla ya warithi kugawana tarika. Lakini ni mara ngapi laptopu ya marehemu hupewa kijana wa nyumbani aende nayo chuoni, naye akaifomati wiki hiyo hiyo, kabla ya yeyote kuangalia marehemu alimdai nani na alidaiwa na nani? Warithi hao wamegawana mali ilhali ushahidi wa haki za watu umefutwa mbele ya macho yao.

Hapa ndipo inapoingia fiqhi ya ijara. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, fundi anayepokea mali ya watu ni mwaminiwa. Imam Nawawi katika Minhaj ametoa mfano wa nguo iliyopelekwa kushonwa au kutiwa rangi: ikiharibika mkononi mwa fundi pasi na yeye kuvuka mpaka, kauli yenye nguvu ni kuwa halipi. Neno zito hapo ni mpaka. Fundi ambaye hakuambiwa lolote, akafomati kama ilivyo ada ya kazi yake, ni vigumu kuonyesha amevuka mpaka upi. Aliyeambiwa, tena ikaandikwa kwenye risiti, "Usifute kitu, toa mafaili kwanza, ikishindikana nipigie simu," kisha akafuta, huyo amekiuka sharti waziwazi, na hukumu yake ni nyingine.

Kwa hivyo risiti iandikwe. Na ieleweke kuwa kuokoa mafaili ni kazi moja na kuitengeneza kompyuta ni kazi ya pili. Kila moja ina ujira wake, na ujira ujulikane kabla ya fundi kushika bisibisi. Mama akiona bei imezidi uwezo wake, aanze na mafaili. Kompyuta nyingine hupatikana sokoni.

Kabla ya safari ya kwa fundi, kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani bila ya kuhatarisha chochote. Kompyuta isiyotoa taa wala sauti, aghalabu ugonjwa wake ni wa umeme. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine yenye volti zile zile zilizoandikwa chini ya laptopu. Ikiwa betri yake yatoka, itoe, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, halafu rejesha chaja peke yake na uwashe. Nyingi huamka kwa hilo. Ikiwa taa zawaka na feni yazunguka lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, basi kioo ndicho kilichokufa, na unaweza kunakili mafaili yako papo hapo ukitazama televisheni. Hewa yetu ya bahari nayo ina chumvi na unyevu, nayo hushika kutu kwenye miguu ya kumbukumbu, kile kibao chembamba kinachochomekwa ndani. Mara nyingine fundi hukichomoa, akakisafisha na kukirejesha, ikawa ndiyo tiba yote.

Ikiwa Windows yaanza kuonekana kisha yazima na kuanza tena, tatizo aghalabu ni la programu. Windows 10 na 11, zikishindwa kuanza mara kadhaa, huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Kurekebisha mwanzo wa kuwaka hakugusi mafaili ya mtu. Lakini humo humo mna njia ya kuirudisha kompyuta katika hali ya upya, nayo ina milango miwili: mmoja hubakisha mafaili yako na kuondoa programu ulizoongeza, wa pili hufuta kila kitu. Vijana wetu husoma haraka na kubonyeza haraka. Asiyeelewa Kiingereza cha ukurasa huo asibonyeze.

Zipo dalili mbili ambazo dawa yake ni kuizima na kutoigusa. Ya kwanza ni diski kutoa mlio wa tik, tik, tik. Diski ya kuzunguka inayolia hivyo inakufa, na kila unapoiwasha huenda ikajikwaruza zaidi. Usiitie programu yoyote ya kuirekebisha. Ya pili ni chai au maji yaliyomwagika. Chomoa umeme, toa betri ikiwezekana, ipindue maji yatoke, wala usijaribu kuiwasha uone kama ingali hai. Habari ya kuizika katika mchele haina msingi. Mchele haufiki maji yalipo, na vumbi lake huingia matunduni.

Fundi mjuzi ana njia mbili kubwa za kuokoa mafaili. Ya kwanza ni kuiwasha kompyuta kwa flashi iliyowekwa mfumo wa Ubuntu, ambao ni wa bure: mfumo huendeshwa kutoka kwenye flashi, Windows mbovu huachwa ilivyo, na mafaili hunakiliwa kwenye diski ya nje. Sharti ni kuchagua kuujaribu mfumo huo, si kuusakinisha. Ukisakinishwa huweza kufuta diski nzima. Njia ya pili ni kufungua parafujo chache, kuitoa diski na kuiunganisha kwa waya wa USB na kompyuta nzima, ikasomwa kama flashi. Asemaye hakuna njia ila kufomati, muulize kama amejaribu hizi mbili.

Kizuizi kinaweza kuwa kufuli. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zake kwa BitLocker bila ya mwenyewe kujua, na diski hiyo haisomeki popote bila ya ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa siku ya kwanza kompyuta ilipofunguliwa, na huweza kutazamwa kwa simu. Utafute leo, kompyuta ingali nzima, uuandike kwenye karatasi.

Na ikiwa diski imekwisha kufomatiwa? Acha kuitumia dakika hiyo hiyo. Katika diski za kuzunguka, kufomati kwa haraka huondoa orodha ya mafaili tu, na yenyewe huweza kurejeshwa maadamu hakijaandikwa kingine juu yake. Katika diski za kisasa zisizozunguka, za SSD, kilichofutwa mara nyingi husafishwa muda mfupi baadaye, na matumaini ni madogo.

Limebaki jambo la stara, ambalo akina mama hunong'ona na waume hulipuuza. Ndani ya kompyuta ya nyumbani mna picha za wanawake bila ya buibui, za siku za kuoshwa bibi harusi, za watoto, pamoja na mazungumzo ya mke na mume. Kupekua mambo ya watu kumekatazwa katika aya ya 12 ya Suratul-Hujurat, na kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Lakini katazo halifungi mlango wa duka. Iliyo na ubovu wa kioo, chaja au kibodi, ikiwa diski yake yatoka, mwambie fundi aitoe mbele yako uende nayo nyumbani. Ataijaribu kazi yake kwa diski yake mwenyewe. Ikiwa ni lazima diski ibaki, mume, kaka au mama mtu mzima akae pale dukani mafaili yanaponakiliwa. Nawawi katika mfano ule ule wa nguo amemtaja mwenye mali aliyeketi pamoja na fundi. Si jambo la aibu wala la kumtuhumu mtu. Mwenye kutoa nywila yake aibadilishe usiku huo huo, na nywila za barua pepe pia.

Mafaili yakishapatikana, yawekwe mahali pawili: diski ya nje kabatini, na nakala ya pili nje ya nyumba, kwa ndugu wa kuaminika au katika hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bure, zinazotosha hesabu na hati, na picha kiasi. Nyumbani umeme unapokatika, chomoa kompyuta kwenye soketi mpaka urudi na utulie, kwani kishindo cha kurudi huua vyombo.

Na fundi akibadilisha diski, omba ile ya zamani. Ni mali yako hata kama imekufa, na diski iliyokufa kwako huenda ikafufuka kwa mwingine. Ikiwa hamna haja nayo tena, itobolewe kwa msumari mara kadhaa kabla ya kutupwa.