Kicheko cha Papa Shirandula: Je, Tunamcheka Nani?

Mtahiniwa akiulizwa maana ya kinaya, aghalabu hujibu kuwa ni hali ya mambo kwenda kinyume cha matarajio. Akitakiwa kutoa mfano wake mwenyewe, hukwama. Ajabu ni kwamba mtahiniwa huyohuyo amelelewa na futuhi za runinga ambazo zimejaa kinaya tele. Makala haya yananuia kumwonyesha mwalimu, hasa anayefundisha Mathare na mitaa jirani ya Eastlands, jinsi futuhi moja inavyoweza kulifaa somo lake. Yanamtahadharisha pia kuhusu kicheko chenyewe, kwani si kila mwanafunzi darasani hukicheka kwa moyo mmoja.

Futuhi hiyo ni Papa Shirandula, iliyopeperushwa na Citizen TV kwa zaidi ya miaka 10. Papa aliigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki Julai 2020 akiwa na umri wa miaka 58. Kiini cha kisa ni chepesi. Papa ni bawabu, lakini amemficha mkewe Wilbroda, anayeigizwa na Jacqueline Nyaminde, kazi anayoifanya. Nyumbani ni mtu wa heshima mwenye kazi ya kujivunia. Lindoni ni mtu wa sare na lango. Hadhira inalijua hili tangu mwanzo, mke halijui. Hapo ndipo kilipo kinaya cha kidrama: mtazamaji anajua zaidi ya mhusika, na kila neno la Wilbroda la kumsifu mumewe linageuka mwiba. Mwalimu atambue kuwa hata taharuki inatokana na chanzo hichohicho. Hatuulizi siri ni ipi. Tunauliza itafichuka lini.

Wengi huishia kumwita Papa mwongo. Jibu hilo si kosa, ila halifiki mbali. Swali la kuulizwa ni hili: uongo huu unamfaidi nini? Haumwongezei mshahara hata senti moja. Kinyume chake, unamgharimu jasho, hila na hofu ya kila siku. Anachokilinda ni jina la baba mwenye nyumba. Hata jina lenyewe ni majazi, kwa maana 'Papa' ni cheo anachopewa mtu na watoto wake, si na mwajiri. Mtu wa makamo jijini Nairobi anaweza kuamkiwa kwa heshima zote mlangoni pake, kisha baada ya saa moja akaitwa 'soja' na kijana wa kumzaa anayepiga honi afunguliwe geti.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Elliott Jaques alichapisha makala mashuhuri kuhusu msukosuko wa umri wa makamo. Alichunguza wasanii waliofikia nusu ya maisha yao na kuanza kukitazama kifo kama jambo linalowahusu. Tangu hapo sinema na vichekesho vya Ulaya na Marekani vimetuzoesha mwanamume anayenunua gari la fahari na kutafuta kimwana ili aurudishe ujana. Papa hana gari la kununua. Msukosuko wake ni wa hesabu: umri umekwenda, watu nyumbani wanamtegemea, na alichokuwa akitarajia kuwa hajakuwa. Kwa kuwa hawezi kuibadilisha kazi, anabadilisha habari za kazi. Kwa maoni yangu huo ni msukosuko wa makamo hasa, ijapokuwa hauna mapambo tuliyozoea kuyaona.

Mandhari nayo yasipuuzwe. Siri ya Papa inahitaji umbali baina ya nyumba na lindo. Ukiuondoa umbali huo, ploti inaporomoka. Hebu tuihamishie Mathare. Mtaa huu umebanwa kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika, na ukiivuka hii ya pili unaingia Muthaiga, penye kuta ndefu na mabawabu. Wapo wazazi wa Mathare ambao kulinda usiku ndiyo kazi yao. Katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, sare itafichwa wapi? Jirani husikia hata kikohozi. Mwanafunzi wa Mathare akiulizwa kama siri hiyo ingedumu kwao, atacheka kwanza, kisha ataeleza mandhari na ploti vinavyohusiana kuliko kitabu chochote cha nadharia.

Basi ndipo tunapofika kwenye lile swali la kichwa cha makala. Darasa likiangua kicheko kwa sababu Papa ni bawabu, yupo mtoto anayetazama dawati kwa sababu baba yake ni bawabu. Mwalimu asiikimbie hali hiyo. Atenganishe vicheko viwili: kinachomcheka maskini kwa umaskini wake, na kinachoikejeli jamii inayompima mwanamume kwa mavazi. Futuhi hii ina vyote viwili, na kusema kweli si kila kipindi kilichagua kile kilicho bora. Lafudhi, kwa mfano, mara nyingi hutumiwa kama njia ya mkato. Desturi hii ni kongwe: katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyekuwa Mkikuyu, alimwigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo na kuwavunja watu mbavu. Alikuwa na kipaji kikubwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mwanafunzi aulizwe: lafudhi ikiondolewa, kichekesho kinabaki?

Mtahiniwa anayesoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege atanufaika kwa kumweka Papa kando ya Yona. Wote ni waume wanaolemewa na macho ya jamii. Yona anatafuta nafuu katika ulevi, Papa katika uongo, na mzigo wa maficho yote mawili humwangukia mke. Tofauti ni kwamba Yona hachekeshi. Ulinganisho huu ni wa kukuza ufahamu tu. Katika karatasi ya 102/3, swali la kitabu teule lijibiwe kwa hoja na mifano ya kitabu hicho. Watahini hawatoi alama kwa kipindi cha runinga, hata kiwe kitamu namna gani.

Zoezi
(a) "Papa Shirandula anamdanganya mkewe, lakini jamii ndiyo iliyomfunza kudanganya." Jadili. (alama 12)
(b) Andika mazungumzo kati ya Wilbroda na jirani aliyemwona Papa lindoni. Jirani asiitaje kazi ya Papa hata mara moja. (alama 8)