Jeni Moja, Protini Zaidi ya Moja: Uungaji Mbadala wa RNA na Udhibiti Wake kwa Mwanga

Utangulizi
Mwanafunzi wa Kibaha au Kisarawe anawafahamu minyoo duara. Wapo safura wanaopenya ngozi ya nyayo za anayetembea pekupeku, wapo wa matende wanaoenezwa na mbu, na wapo wanaoifanya mizizi ya nyanya iote vifundo. Ndugu yao asiyemdhuru mtu, *Caenorhabditis elegans*, ana urefu wa milimita 1 hivi na hutumika sana maabara. DNA yake ilisomwa mwaka 1998. Ana jeni za protini zipatazo 20,000, karibu sawa na za binadamu. Basi tofauti kubwa kati yetu na mnyoo inatoka wapi? Sehemu ya jibu ni namna jeni zinavyotumika.

Uungaji wa RNA
Jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA ghafi. RNA hiyo ina eksoni (vipande vinavyobaki) na introni (vipande vinavyokatwa na kutupwa). Eksoni zikiunganishwa, hupatikana RNA mjumbe, ambayo ribosomu huisoma ili kutengeneza protini. Ugunduzi kwamba jeni zimegawanyika hivi ulifanywa mwaka 1977, na Richard Roberts na Phillip Sharp wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Uungaji mbadala
Chukua eksoni hizi: *Asha / alienda / Kibaha / Kisarawe / jana*. Seli moja huunga "Asha alienda Kibaha jana". Nyingine huunga "Asha alienda Kisarawe jana". Jeni ni ileile, ujumbe ni tofauti.

*Mfano halisi:* jeni *egl-15* ya *C. elegans* hutumia ama eksoni 5A au 5B. Katika misuli, protini za udhibiti hushika RNA karibu na 5B na kuizuia, hivyo 5A ndiyo huchaguliwa. Mnyoo akikosa aina ya 5A, misuli ya kutagia haikai mahali pake, naye hushindwa kutaga mayai.

Mwanga unaingiaje?
Mnyoo huyu ana mwili unaopitisha mwanga, hivyo mwanga hufika hadi ndani ya seli zake. Mimea ina protini iitwayo fitokromu. Ikipigwa na mwanga mwekundu, hubadili umbo na kushikana na protini mwenzake. Ikipigwa na mwanga mwekundu wa mbali, huachana naye. Hatua ni hizi:
1. Protini inayodhibiti uungaji hugawanywa vipande viwili. Kimoja huunganishwa na fitokromu, kingine na mwenzake.
2. Mnyoo hupewa kiini cha rangi ambacho fitokromu huhitaji, kwa kuwa hakitengenezi mwenyewe.
3. Mwanga mwekundu huvileta vipande pamoja, kidhibiti hufanya kazi, na eksoni inayochaguliwa hubadilika.
4. Mwanga mwekundu wa mbali huvitenganisha, na kazi husimama.

Kwa njia hii mtafiti huchagua wakati na mahali pa kubadili ujumbe bila kuigusa DNA.

Umuhimu wake
Dawa nyingi hushika protini, si jeni. Albendazole, wanayopewa watoto shuleni kutibu minyoo, hushika protini iitwayo tubulini. Mnyoo mwenye tubulini iliyobadilika anaweza kuishi hata akipewa dawa. Kujua ni protini ipi hutengenezwa, na katika tishu ipi, husaidia kutafuta dawa nyingine kabla hii haijachoka.

Kumbuka: Usiandike "jeni moja hutoa protini moja" kana kwamba ni kanuni isiyo na kighairi. Pia uungaji mbadala si mutesheni, maana mpangilio wa DNA haubadiliki.

Jipime
1. Tofautisha eksoni na introni.
2. Kwa nini mwili unaopitisha mwanga ni faida katika jaribio hili?
3. Mnyoo akihamishiwa kwenye mwanga mwekundu wa mbali, nini hutokea? Toa sababu.

*Jibu la 3:* Fitokromu huachana na mwenzake, vipande vya kidhibiti hutengana, na uungaji hurudi katika hali ya awali.